Mzungu wa Nne

Neno mizani nililijua kwenye pamba kabla ya kulijua kwenye shairi. Mizani ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya chuma, imening'inizwa kwenye boriti la ghala la kijiji, na kila msimu baba yangu alisimama mbele yake huku midomo ikimcheza kimyakimya, akihesabu kilo pamoja na mpimaji. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima hapa kisiwani Unguja, mzee aliyekuwa akinifunza kutunga aliniambia kwamba shairi langu lina vina lakini limepungukiwa na mizani. Nilicheka, naye akadhani ninamdharau. Sikuweza kumweleza kwamba wakati ule nilikuwa ninamwona baba.

Mimi ni mzaliwa wa Kabasa, wilayani Bunda, mkoa wa Mara. Wengi wa wasomaji wa jarida hili ni watu wa pwani, na pamba wanaijua ikiwa imekwisha kuwa kanga, shuka au sanda. Sisi tuliijua ingali mbegu. Hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, hupaliliwa, hunyunyiziwa dawa ya kuua funza wanaotoboa vitumba vyake, na kuanzia Mei au Juni huchumwa kwa mkono, kitumba baada ya kitumba. Kisha hutengwa: pamba safi huku, pamba fifi kule. Pamba safi ni ile nyeupe isiyo na doa wala jani. Fifi ni iliyonyeshewa, iliyochafuka au iliyoharibiwa na wadudu, na bei yake ni ndogo. Kazi hiyo ya kutenga ilikuwa yetu sisi watoto. Tulikaa juu ya jamvi tangu alasiri, tukatenga hadi giza lilipotuzuia kujua ipi ni ipi.

Mwaka 1984 nilimaliza darasa la saba. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili, alikuwa sekondari. Fedha za pamba za mwaka ule zilitosha mtoto mmoja. Hapakuwa na ugomvi wala kikao. Baba alisema tu kwamba mimi nitaolewa, na mama akanipa jembe. Miaka saba baadaye niliolewa kweli, na mtu wa Unguja aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa Mwanza, akanileta kisiwani. Kiingereza nilijifunza kwa redio, kwa kamusi iliyokwisha kupoteza jalada, na kwa zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ambazo majirani waliniletea niwasomee. Ndivyo nilivyoanza ufasiri: kwa kuwaambia watu wameze vidonge vingapi na saa ngapi. Naeleza haya kwa kuwa bila hayo msomaji hataona ni kwa nini kurasa nne za sayansi zilinichukua miezi mitatu.

Kurasa hizo zilitokana na simu ya kaka, mwaka 2024. Alikuwa amerudi shambani tangu alipomaliza kidato cha nne, baba alipougua, na hakuondoka tena. Binti yake mkubwa alikuwa amehitimu shahada ya pili ya kemia. "Mdogo wangu," aliniambia, "huyu mtoto amesoma chuo miaka mitano. Nikimuuliza amesomea nini, anasema pamba. Mimi nimelima pamba karibu miaka arobaini. Ni pamba gani hiyo isomewayo miaka yote hiyo na mimi siijui? Akianza kunieleza, Kiingereza changu kinaishia njiani, na Kiswahili chake nacho kinaishia njiani. Nimesikia wewe unafasiri vitabu. Basi nifasirie mwanangu."

Muhtasari wa tasnifu ulinifikia jioni ile ile. Ulihusu tabia ya vijiti vikakamavu vyenye chaji vinapokuwa ndani ya maji, na jinsi vinavyojifanya fuwele miminika. Nilivyouelewa baada ya kuusoma mara kumi ni hivi. Uzi wa pamba kwa sehemu kubwa sana ni selulosi, nayo selulosi ni minyororo mirefu ya molekuli. Mahali pengine minyororo hiyo imelala kwa mpangilio uliokaza, mahali pengine imelegea. Ukiitia pamba katika asidi ya salfuriki kali, ya kiasi cha asilimia 64, iliyopashwa joto la nyuzi 45 hivi, kwa muda wa kama saa moja, asidi huzila zile sehemu zilizolegea na kuziacha zilizokaza. Kinachobaki, baada ya kuoshwa sana, ni vijiti visivyoonekana kwa jicho: urefu wake ni nanomita mia moja au mia mbili, na unene wake nanomita chache tu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa vipande milioni. Asidi huacha kitu kingine pia. Juu ya kila kijiti hubaki vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi, na kwa kuwa chaji za aina moja hukataana, kila kijiti hukisukuma kingine.

Tia vijiti hivyo kidogo ndani ya maji: vitaelea kila kimoja na uelekeo wake. Ongeza, kisha uongeze tena. Vikifikia asilimia chache za uzito wote, chupa ikiachwa itulie, maji hugawanyika matabaka mawili yenye mpaka unaoonekana. Tabaka la juu vijiti vyake vimebaki ovyo. La chini vimejipanga, vyote vikifuata njia moja, na bado ni kimiminika. Hilo la chini ndilo fuwele miminika: lina mpangilio kama wa fuwele na mwendo kama wa maji.

Mambo haya yana umri wake. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alishangaa kuona kitu alichokuwa akikichunguza kinayeyuka mara mbili, kwanza kikawa kimiminika chenye ukungu, kisha kwa joto zaidi kikawa cheupe kama maji safi. Mwaka 1936 Bawden, Pirie na wenzao, huko Uingereza, waliona mpangilio wa namna hii katika maji yenye virusi vya ugonjwa wa batobato wa tumbaku, ambavyo navyo ni vijiti vyenye chaji. Mwaka 1992 Jean-François Revol, Derek Gray na wenzao, wakiwa Montreal nchini Kanada, walionyesha kwamba vijiti vya selulosi hufuata njia hiyo hiyo. Hata DNA, ambayo ndani yake tumeandikwa sote, ikisongamana ndani ya maji hufanya hivyo.

Nilifasiri. Nikaandika polima, nikaandika nematiki, nikaandika kolesteriki, nikaandika entropia. Kila neno nilipolikosa nililivika kanzu ya Kiswahili na kulisogeza mbele, kama mtu anayempitisha mgeni mlangoni bila kumuuliza atokako. Kazi ilikamilika kwa wiki mbili. Ilikuwa sahihi. Julai nikaipakia mkobani, nikavuka kwenda Dar es Salaam, nikapanda basi hadi Bunda.

Nyumba ya kaka ilijaa jamaa waliokuja kumpongeza binti. Baada ya chakula nilisoma kurasa zangu kwa sauti, kwa lafudhi ya pwani niliyoichuma kwa miaka zaidi ya thelathini. Watu walinyamaza kwa adabu. Nilipomaliza, kaka aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia."

Msomaji anajua uzito wa neno hilo. Mtu aliyeelewa husema nimeelewa, na asiyekubali hubisha. Asemaye nimesikia amekurudishia maneno yako yote kama ulivyomletea, hayakupungua hata moja. Binti alinitazama kwa huruma. Mimi nilitazama karatasi.

Usiku tulilala wanane katika chumba kimoja, mimi, binti na watoto sita, juu ya majamvi mawili yaliyounganishwa. Watoto walijitupa walivyotaka. Mmoja alilala mkingamo, mwingine akajikunja pembeni, wa tatu akanyoosha miguu juu ya tumbo la wa nne, kilio kikaanza. Mama yao akaita kutoka nje, bila hata kuingia: "Laleni mzungu wa nne!" Wakainuka nusu usingizi, wakajipanga sambamba, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na muda si mrefu kila mmoja alikuwa akipumua mahali pake. Baadaye mmoja alijigeuza, na wote wakajigeuza naye, kama wimbi dogo linalopita chini ya mtumbwi. Hakuna aliyeamka.

Nilikaa macho. Nilikuwa nimekwisha kuisoma sentensi ya Onsager mara nyingi, nikaifasiri kwa usahihi, na sikuwa nimeielewa mpaka wakati ule.

Lars Onsager alizaliwa Norway akafanya kazi Marekani, na baadaye, mwaka 1968, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi nyingine. Makala yake juu ya vijiti ilitoka mwaka 1949. Kabla yake mtu angeweza kudhani kwamba vijiti vikijipanga sambamba ni lazima viwe vinavutana, au viwe na mkono unaovishika. Onsager alionyesha kwa hesabu kwamba mvuto hauhitajiki. Inatosha viwe virefu, vikakamavu, na vingi. Kijiti kinacholala mkingamo kinawaziba wenzake wengi. Vikilala sambamba, kila kimoja kinapata mahali pa kusogea. Vinapoteza uhuru wa kuelekea popote, na kwa malipo hayo vinapata uhuru wa kwenda. Pakiwa na nafasi tele, malipo hayo hayana faida, na vijiti hubaki ovyo. Msongamano ukizidi kiwango fulani, faida huzidi hasara, na vyote hugeuka. Kadiri kijiti kilivyo kirefu kuliko unene wake, ndivyo kiwango hicho kinavyowahi kufikiwa. Kile tunachokiita mpangilio, kwa vijiti vile, ndiyo namna ya kupata uhuru mwingi zaidi wakati nafasi imekuwa finyu.

Na kuna hili la kichwa na miguu. Katika mpangilio uitwao nematiki, vijiti hufuata njia moja lakini havina mbele wala nyuma; kwa kawaida nusu vinatazama huku na nusu kule, bila kuwa na tofauti yoyote. Nilikuwa nimetumia aya nzima kulieleza jambo hilo, na mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo gizani alilisema kwa maneno manne.

Asubuhi nilimkuta kaka nje akirundika miti ya pamba iliyong'olewa, ambayo huchomwa ili wadudu wasipate makazi ya kungojea msimu ujao. Niliomba sinia na viberiti viwili. Nikamimina njiti kumi. Zikalala ovyo. "Hizi zina nafasi," nikasema. Nikamimina zilizobaki, nikaongeza za kiberiti cha pili, nikalitikisa sinia polepole. Hazikutii mara moja. Kisha fungu moja likalala upande mmoja, na jingine likalifuata.

"Nani anazipanga?" kaka akauliza.

"Hakuna."

"Wewe unatikisa."

"Natikisa tu, kaka, sizielekezi. Ndani ya maji hakuna hata wa kutikisa. Joto lenyewe la maji ndilo linalovisukuma vijiti huku na huku. Jana usiku tulilala wanane chumbani. Mtoto aliyelala mkingamo aliwanyima nafasi wangapi?"

"Wote."

"Walipolala mzungu wa nne?"

Alicheka, akachutama. Akazitazama njiti muda mrefu. "Kwa hiyo," alisema taratibu, "mtu anajinyima kugeuka ili apate kusogea." Kisha akamwita binti yake, na kwa mara ya kwanza nikasikia akimuuliza maswali ya kazi yake, la kwanza, la pili, la kumi. Nilijitenga nikawaachia sinia.

Binti alimweleza habari ya chaji, na hapo mimi nilikuwa mwanafunzi pamoja na kaka. Bila chaji, alisema, vijiti vingeshikana vikawa mabonge. Chaji ndiyo inayovipa umbali wa kuheshimiana. Zaidi ya hayo, kijiti chenye chaji kinajiona kinene kuliko kilivyo, mfano wa mtoto apigaye mateke usingizini, ambaye mwili wake ni mdogo lakini hachukui nafasi ndogo. Kwa hiyo vijiti vyenye chaji huanza kujipanga mapema, vikiwa vichache kuliko ambavyo ungetazamia kwa unene wake halisi. Ukitia chumvi mambo hubadilika. Chembe za sodiamu zenye chaji chanya hukusanyika kando ya kila kijiti na kuificha chaji yake. Kijiti hujiona chembamba tena, nafasi huongezeka, na tabaka lile lililojipanga hupungua. Chumvi ikizidi sana, vijiti havina tena cha kuvitenganisha, vikikaribiana hushikana.

"Kumbe," kaka alisema, "ndiyo maana watu waliokula chumvi nyingi hawasukumani."

Binti alicheka kwa sauti. Mimi nilicheka pia, ingawa niliona kwamba kaka hakunitazama.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Vijiti vya pamba havilali sambamba kabisa. Kila tafu ya vijiti imejipinda kidogo kupita ile iliyo chini yake, na ile ya juu yake imejipinda tena kidogo, hivyo ukipanda kutoka tafu hadi tafu mwelekeo unazunguka kama ngazi ya mnara. Hii ndiyo iitwayo kolesteriki, na nilipoielewa niliita mpangilio wa msokoto, kwa kuwa mama yangu alisokota kamba na mkono wake ulifanya hivyo hivyo. Maji yakikauka taratibu, msokoto hubaki ndani ya utando, na mwanga ukiupiga hurudi na rangi, buluu, kijani au nyekundu, kufuatana na urefu wa mzunguko mmoja, bila tone la rangi ya kupaka. Mimea ilikwisha kuujua ufundi huo. Katika misitu ya Afrika, na Tanzania imo, kuna mmea uitwao Pollia condensata wenye vitunda vya buluu inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Mwaka 2012 Silvia Vignolini na wenzake walieleza kwamba buluu ile haitokani na rangi yoyote iliyomo ndani ya tunda. Inatokana na selulosi iliyojipanga kwa msokoto katika kuta za seli zake. Vitunda vilivyokauka na kuhifadhiwa kwa miaka mingi bado vinang'aa, maana hakuna rangi ya kuchujuka.

Mchana ule, wakati wao wakiendelea, mimi nilifikiri juu ya ugomvi wetu wa zamani, sisi watunzi. Wasomaji wa jarida hili wanaukumbuka. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za kutunga, vina na mizani, na wengi wetu tukazishika kama nanga. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na majahazi yakagongana. Sisi wa upande wa mapokeo tulisema asiyefuata mizani hajui kazi. Wa upande wa pili walisema mizani ni pingu. Mimi nilibishana katika vikao vingi hapa kisiwani, kwa ukali wa mtu aliyeingia ushairini kwa mlango wa nyuma na kuogopa kutolewa. Hata kuwa Kezilahabi alikuwa jirani yangu wa ziwani, mzaliwa wa Ukerewe, ambako kivuko chake huanzia Kisorya katika pande zetu za Bunda, hakukunilainisha. Alifariki Januari 2020, na sikuwahi kumwandikia lolote.

Onsager alinifundisha jambo ambalo hatukulisema, sisi wala wao. Mizani haina thamani pasipo na msongamano. Mtu mwenye neno moja la kusema, na ukurasa mzima mweupe wa kulisemea, akilifunga kwa vina hulikaza bure. Lakini maneno yakiwa mengi kifuani, machungu, yanayosukumana, kila moja likitaka kulala mkingamo, hapo mizani ndiyo inayoyapa njia ya kusogea. Utenzi wa mamia ya beti unatembea kwa sababu hiyo. Mshororo wa nane kwa nane, ukwapi na utao, ni jamvi la watoto wengi. Na binti alinionyesha katika simu yake picha ya chupa aliyoiacha maabara usiku kucha: tabaka la juu ovyo, la chini limepangika, mpaka katikati umenyooka kama uzi. Vijiti ni vile vile na maji ni yale yale. Hakuna tabaka lililokuwa likijaribu kulifukuza jingine. Niliitazama picha ile kuliko nilivyotazama picha za mahafali yake, na niliona aibu kidogo kwa baadhi ya mambo niliyoyasema vikaoni.

Ningeweza kukomea hapa, na makala yangekuwa yametimiza vina. Lakini mfano wowote ukiuvuta sana hukatika, na huu ulikatika jioni ya siku iliyofuata, mkesha wa safari yangu.

Tulikuwa tumebaki wawili, kaka na mimi, kwenye viti nje. Moto wa miti ya pamba ulikuwa umebaki majivu. Alisema, bila kuanza na salamu za maneno, "Umeniambia vile vijiti havina anayevipanga."

"Ndiyo, kaka."

"Sisi tulikuwa naye."

Sikujibu.

"Mwaka ule baba na mama walizungumza usiku. Mimi nilikuwa likizo, nililala karibu na ukuta, nikasikia yote. Mama alisema wewe ndiye mwenye akili ya vitabu. Baba akasema nafasi ni moja. Ningeweza kuingia nikasema neno. Nilijigeuza upande wa pili nikalala, kwa sababu nafasi ilikuwa yangu."

Kwa miaka arobaini nilikuwa na majibu ya mazungumzo haya. Nilikuwa nimeyatunga mengine kwa vina, nikayachana. Katika majibu hayo yote kaka hakuwa na habari, na hasira yangu ilikuwa juu ya baba, ambaye amekwisha kufa na hasira haimfikii. Sikuwa nimetunga jibu la kumjibu mtu aliyejua. Wala sikuwa nimejua kwamba mama alinisemea. Nilishindwa kupata sentensi hata moja ya nathari.

"Nimesikia," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Alilipokea neno kwa uzito wake, kama mimi nilivyolipokea usiku wa kwanza, na hakuniomba nilibadilishe.

Vijiti havina dhamiri. Hakuna kijiti kinachosikia mazungumzo ya usiku kikanyamaza. Msongamano wa maji unawageuza wote sawa, na hakuna anayelala mkingamo maisha yake yote ili mwenzake apate kusogea. Kwetu ulikuwa msongamano wa kweli, lakini palikuwa na mkono pia, na mkono ulichagua. Mtu yeyote atakayechukua hesabu ya Onsager akawaambia maskini kwamba mpangilio wao unatokana na ufinyu wa nafasi tu, amesema nusu. Nusu ya pili ni nani aliambiwa ageuke. Naliandika hili kwa kuwa nimeona raha ya mfano mzuri, na najua jinsi raha hiyo inavyoweza kumfumba mshairi jicho moja.

Kaka aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani, kifuniko kimeliwa na kutu. Ndani zilikuwamo stakabadhi za pamba za baba, amezipanga kwa miaka, zimefungwa kwa uzi. Alinitolea ile ya 1984. Nilitegemea kuona idadi ambayo ingenithibitishia dhuluma. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: kilo za pamba safi mstari mmoja, kilo za pamba fifi mstari wa pili. Safi zilikuwa chache. Fifi zilikuwa nyingi kuliko safi. Mvua iliikuta pamba ya mwaka ule shambani, nikakumbuka, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitenga, jioni hadi jioni, juu ya jamvi. Nilikuwa nimeishika mikononi ada yangu yote bila kujua, nikaiweka upande wa fifi.

Nilirudi kisiwani nikaifasiri kazi upya. Binti na mimi tulibishana kwa simu. Alitaka nematiki ibaki, kwa kuwa bila neno hilo wenzake hawatajua anasema nini. Mimi nilitaka mpangilio wa mzungu wa nne. Tumeyaacha yote mawili, moja baada ya jingine, na kolesteriki ikifuatwa na mpangilio wa msokoto. Kurasa nne zimekuwa saba. Nilizituma kwa basi, kwa kuwa kaka alitaka karatasi, akaniambia kwamba amezisoma mwenyewe, peke yake, hadi mwisho, na kwamba ana swali juu ya chumvi ambalo hata binti hajalijibu. Kisha amezikunja na kuzitia katika lile kopo.

Lakini usiku ule wa mwisho, kabla ya hayo yote, tulikuwa bado tumekaa nje na stakabadhi ilikuwa mkononi mwangu. Kaka alishika taa. Nilijumlisha safi na fifi, mara ya kwanza, kisha mara ya pili nikidhani nimekosea, na ndipo nilipogundua kwamba midomo yangu ilikuwa inacheza kimyakimya.